Fundi wa Mbuba

Mashine ya Gozbert ya kukamua ndizi ilianza kusemwa kijijini Mbuba, ikasemwa Kanazi, na kabla masika hayajakatika habari zake zilikuwa zimefika kwenye Baraza la Teknolojia la Mkoa. Jumatano moja asubuhi gari jeupe likaingia uani kwake, akashuka binti wa ofisini aliyejifunga ushungi wa kijani, daftari kakumbatia kifuani.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Naitwa Naima, nimetoka Baraza. Tumesikia mna mashine."

"Marahaba, binti. Ipo, karibu uione," alijibu Gozbert, akatangulia kuelekea karakana bila kupapasa, kwa sababu hatua zile kumi na nne alikuwa amezihesabu akazikariri.

Auleria, mkewe, alifuata nyuma ameviringisha mikono ndani ya kanga. Hakutaka mgeni aione. Vidole vyake na vifundo vya mikono vilijaa madoa madogo meusi, alama za cheche, na madoa ya namna ile mwanamke hayapati jikoni.

Mashine yenyewe ilikuwa pipa lililolazwa juu ya miguu ya chuma. Ndani mlipita mhimili wenye vibao vilivyochongwa kama viganja vya mtu, na nje kulikuwa na pedeli na mnyororo wa baiskeli. Mtu anakaa, anakanyaga, ndizi mbivu zilizomenywa zinafinyangwa pamoja na nyasi mpaka zinatoa maji, juisi inashuka kwenye ndoo. Kazi ya wanawake wanne ya kutwa nzima ilikuwa inaisha kabla maharage hayajaiva. Naima alipanda mwenyewe, akakanyaga, akacheka, akapiga picha, akaandika.

Kisha akaeleza kilichomleta. Baraza lilikuwa linatafuta mafundi watatu kutoka Ngara na Biharamulo. Atakayechaguliwa atapewa chumba katika karakana ya Baraza mjini Biharamulo, chenye umeme mkubwa, na chuma kisichoshika kutu, na mafunzo ya miezi mitatu. Wanunuzi atatafutiwa.

"Kila kijiji kikiwa na mashine kama hii, baba, ndizi hazitaozea tena shambani. Na wewe utakuwa na kiwanda."

"Kiwanda," Gozbert alirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu.

"Kuna jambo moja tu. Mwaka jana mtu alituletea mashine ya dukani, kaipaka rangi, akadai kaitengeneza yeye. Kwa hiyo safari hii kila fundi atachomelea kiungo kimoja mbele ya jopo."

Auleria alimtazama mume wake. Gozbert hakugeuka.

"Hakuna shida, binti," alisema. "Kuchomelea ndiyo kazi yangu."

&nbsp;

Ilikuwa kazi yake kweli, mpaka miaka miwili nyuma. Daktari wa macho aliiita presha ya macho. Alisema inakula pole pole, haiumi, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika lote. La kulia lilibakiza tundu dogo katikati, na Gozbert aliutazama ulimwengu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la maji. Kwa tundu hilo alitembea, akasalimia watu, akahesabu nondo. Lakini akishavaa miwani nyeusi ya kuchomelea, tundu nalo lilizibika.

Basi wakafanya siri. Alimfundisha mkewe miezi minane, mlango wa karakana umefungwa, yeye kaketi kwenye debe nyuma yake. Hakuwahi kumgombeza. "Isikilize," alikuwa akimwambia. "Chuma kikishika vizuri kinalia kama mafuta ya kukaangia. Kikinyamaza, ujue umekosea." Auleria alivaa koti la mumewe, miwani ya mumewe, glavu za mumewe, na wapita njia waliosikia mlio ule walisema mzee Gozbert yuko kazini. Madirisha, milango, vitanda, toroli. Hata vile vibao vya mashine vilivyofanana na viganja vilikuwa wazo lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekamua ndizi tangu usichana na alijua mikono inavyokwenda. Gozbert aliwaza mhimili na mnyororo. Wateja walipokuja kuchukua kazi zao, Gozbert ndiye aliyetoka mlangoni kupokea sifa.

Auleria hakuona ubaya. Mwanamume asiye na kazi mkononi, alijua, hukauka akiwa hai.

Jioni ya siku ile aliyokuja Naima, jua bado liko juu ya migomba, alimkalisha mumewe kwenye kigoda, akamshika kidevu, akamdondoshea dawa, tone moja kila jicho, kama kila siku.

"Baba Joyness, tuwaambie ukweli," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali.

"Ukweli upi?"

"Kwamba macho yanasumbua. Yule binti ana huruma, ataelewa."

Gozbert alifumba macho, dawa ikamtiririka shavuni. "Ataelewa. Halafu ataandika kwenye daftari lake: huyu hafai. Huruma haiandikiwi barua ya kiwanda, Mama Joyness. Kiungo kimoja tu! Nimechomelea miaka ishirini na sita, nishindwe kiungo kimoja?"

Wakafanya mazoezi wiki mbili. Auleria alichora mstari wa chaki mnene kama kidole, akaweka vipande viwili vya bati vikigusana, akasema sogea, rudi, shuka. Siku ya tatu Gozbert aliungua kiganja. Siku ya tisa alipata kiungo kimoja kizuri, akakipapasa kwa dole gumba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akatabasamu. "Umeona?" alisema. Auleria alikuwa akihesabu. Kiungo kimoja kati ya thelathini.

&nbsp;

Walifika Biharamulo saa nne asubuhi, mashine imefungwa kamba juu ya basi kama mbuzi wa mahari. Ukumbi ulikuwa jirani na boma la Mjerumani. Mlinzi aliwapa kadi mbili za kuning'iniza shingoni. Ya Gozbert iliandikwa MBUNIFU, ya Auleria iliandikwa MGENI.

"Wageni wanakaa kule, mama," mlinzi alisema akionyesha benchi la ukutani. "Ndani ya kamba ni wabunifu tu."

"Namsaidia kubeba."

"Atasaidiwa."

Mambo yalianza vizuri. Naima alikanyaga pedeli mbele ya watu wote, juisi ikamwagika kwenye jagi, jopo likaonja. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Maulidi, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alifika mjini hapo kutoka pwani na duka la nguo. Alikuwa mtu mkali, hana maneno mengi. Alikunywa glasi nzima, akainama akakagua viungo vya pipa kimoja kimoja, akavipitishia ukucha.

"Mkono huu ni mzuri," alisema. "Mzuri sana. Haya, mzee, tuonyeshe."

Wakamwekea vipande viwili vya chuma juu ya meza uani. Hapakuwa na chaki. Gozbert alivaa miwani, akainama, akagusa chuma kwa mkono wa kushoto kutafuta ufa, akagusa tena. Auleria pale kwenye benchi alikuwa ameishika kadi yake kwa mikono miwili. Cheche ziliporuka, watu wakachungulia kupitia vidole. Yeye peke yake hakuangalia. Alisikiliza. Mlio wa mafuta ulikuja kidogo, ukanyamaza, ukaja tena, ukanyamaza kabisa, na Gozbert akaendelea.

Alipomaliza akavua miwani, akasimama wima kama askari.

Maulidi akanyanyua kipande kimoja. Cha pili kikabaki mezani. Kovu la moto lilikuwa limepita pembeni, vidole viwili kutoka kwenye ufa, limenyooka vizuri juu ya chuma kisichokuwa na kitu cha kuungwa.

Mtu akacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, kilimtoka tu, lakini kilisikika.

"Mzee wangu," Maulidi alisema, sauti kaishusha, na huko kushusha kulikuwa kubaya zaidi. "Hebu tuambie. Mashine hii uliinunua wapi?"

Gozbert alirudisha miwani na glavu mezani.

"Tunakuuliza kwa heshima. Maana aliyeunga pipa lile siye aliyeunga hiki."

Naima alikuwa ameinamisha kichwa kwenye daftari. Gozbert alisimama vilevile, na ndipo Auleria akaelewa kuwa mumewe ameshachagua. Angekubali kuitwa mwizi. Angerudi Mbuba na jina la mwizi, alimradi asiitwe kipofu. Na lile pipa, na miezi minane nyuma ya mlango uliofungwa, na vile vibao alivyovichonga yeye kwa kupima viganja vyake mwenyewe, vyote vingeandikwa wizi.

Hakukumbuka baadaye alivyoivuka kamba. Alikumbuka mlinzi akisema "Mama! Mama!" na yeye akivaa glavu.

"Hakuinunua," alisema. "Tumeitengeneza wote. Kuchomelea nimechomelea mimi. Yeye macho yake hayaoni."

Akavaa miwani ambayo bado ilikuwa na joto la uso wa mumewe, akaviweka vyuma, akaviunga. Haikumchukua dakika. Maulidi akakinyanyua kiungo, akakipiga ukingoni mwa meza mara mbili kwa nguvu zake zote. Kikagoma kuachia.

"Huu ndio mkono," alisema. Kisha akamgeukia Gozbert, na pengine hakukusudia kumdhalilisha. Alikuwa mtu wa maswali tu. "Sasa, mzee, wewe kazi yako ni ipi?"

Gozbert alianza kuondoka. Hapa hakuwa na hatua alizozihesabu. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la wageni, akaligonga kwa magoti, likaanguka, na watu zaidi ya sitini wakaona akipapasa ukuta kutafuta mlango uliokuwa wazi upande wa pili. Ni Naima aliyekwenda kumshika mkono.

Jioni hiyo Baraza likatangaza washindi watatu. Kwenye karatasi, jina la Gozbert lilikuwa limefutwa kwa wino mweupe, na juu yake likaandikwa la Auleria.

&nbsp;

Ndani ya basi, kuanzia Biharamulo hadi Lusahunga, na kuanzia Lusahunga hadi nyumbani, hawakuzungumza. Auleria alijaribu mara moja.

"Baba Joyness, walikuwa wanakuita mwizi."

"Niliwasikia."

Basi.

Habari ilikuwa imewatangulia. Kesho yake mteja wa kwanza aliingia uani, akampita Gozbert aliyeketi mlangoni, akauliza, "Mama yupo? Nina geti langu." Wa pili akafanya vilevile. Hawakuwa na dharau. Walikuwa wanamtafuta mwenye mkono. Mzee mmoja wa jumuiya ya kanisani alikuja kumpa pole, akamsifu kwa kuvumilia, akamwambia Mungu humpa mtu mke kwa sababu. Gozbert alimshukuru. Alipoondoka, Gozbert akatoa kile kigoda mlangoni, akakihamishia nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na tangu hapo akawa anakaa huko.

Naima alipiga simu kueleza: chumba kiko tayari, mafunzo yanaanza Jumatatu, asiyefika ndani ya wiki nafasi inakwenda kwa anayemfuata.

"Siendi," Auleria alimwambia mumewe. "Nitawaambia hali ya nyumbani hairuhusu."

"Hali gani?"

"Wewe."

Gozbert aligeuza uso upande wa shamba. Kunguru walikuwa wanagombana migombani. "Kwa hiyo mbele za watu niwe kipofu," alisema, "halafu na kiwanda kikosekane kwa ajili yangu. Hapana. Utakwenda."

"Basi twende wote."

"Nikafanye nini? Nikae kwenye benchi lao, nivae kadi ya mgeni?" Alisema hivyo bila hasira. "Nenda. Dawa ataniwekea dada."

Dada yake Gozbert, Eustakia, alikuwa jirani, mjane, nyumba yake ng'ambo ya shamba. Auleria alimwonyesha namna ya kushika kidevu, akamwambia chupa ikikaribia kwisha ampigie, akaandika namba ya simu ya kliniki ukutani kwa mkaa. Jumapili baada ya ibada alipanda basi na begi moja na koti la kuchomelea.

&nbsp;

Kazi ya Biharamulo ilikuwa ya kweli. Baraza halikudanganya hata neno moja, na Auleria wakati mwingine alitamani lingekuwa limedanganya, apate sababu ya kurudi. Alifundishwa kuunga chuma kisichoshika kutu, ambacho ni chembamba na chenye kiburi. Alifundishwa kuchora mashine kwenye karatasi ili mtu mwingine aweze kuitengeneza. Naima alimpeleka kwenye vikundi vya akina mama, na vikundi vikaagiza. Maulidi mwenyewe alikuja siku moja, akasimama akitazama, akasema atamletea chuma kwa bei ya jumla. Wasichana wawili waliomaliza chuo wakapangwa kumsaidia, wakamwita mwalimu. Mashine ya kwanza ilikwenda Kanazi. Ya nne ikavuka mkoa.

Kila jioni alipiga simu.

"Dawa umeweka?"

"Nimeweka."

"Chupa ipo?"

"Ipo. Dada yupo hapa. Mashine ngapi sasa?"

"Saba."

"Saba!" Na ndani ya sauti yake mlikuwa na kitu ambacho Auleria hakukisikia tangu siku ya ukumbini. Siku zilivyosonga, maswali ya Gozbert yakaongezeka. Mhimili mmeubadilisha? Mnyororo haukatiki? Ule mlio je, kile chuma kipya kinaliaje? Auleria alisogeza simu karibu na meza, akachomelea, ili mumewe asikie. "Kinalia vizuri," Gozbert alisema. "Kinalia vizuri sana." Auleria alilala akiwa na amani, akidhani mumewe amempa msamaha. Na kweli alikuwa amempa.

Miezi mitatu ilipotimia, hakumwambia kuwa anarudi. Alitaka kumshtukiza.

&nbsp;

Aliyemwona wa kwanza alikuwa Eustakia, pale wanaposhukia abiria wa basi, amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Alimwona Auleria, akautua mkungu chini, na badala ya kumkimbilia akasimama palepale, akashika kichwa.

"Wifi, usinilaumu," alisema.

"Nini?"

"Alinikataza. Wiki ya pili tu alinifukuza, wifi, akasema hataki kushikwa kidevu kama mtoto, ataweka mwenyewe. Akawa anajiwekea kwenye shavu, kwenye nyusi. Chupa ikaisha. Nikamwambia nikupigie, akaniapisha kwa kaburi la mama yetu. Alisema ukijua utarudi, na ukirudi chumba kile watapewa wengine." Akaanza kulia waziwazi, barabarani, bila kujali watu. "Mimi sijasoma, wifi. Nilidhani dawa ni ya kutuliza tu. Sikujua."

Auleria aliacha begi pale pale, akaenda. Alitembea, kisha akakimbia, kisha akatembea tena, kwa sababu kilichokwisha kuliwa hakirudi, na kukimbia hakukuwa na maana.

Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Gozbert alikuwa amekirudisha kigoda mlangoni mwa karakana. Alikuwa amevaa shati safi lililofungwa vifungo kombo, ndevu hazikunyolewa upande mmoja. Auleria alisimama mbele yake, hatua tatu tu, katikati ya mwanga wote ule, akamtazama usoni. Macho yalikuwa wazi. Hayakumfuata.

Gozbert alisikia nyayo. Akainua kichwa, akaweka uso wa kupokea wateja.

"Karibu," alisema. "Fundi hayupo, yuko Biharamulo. Kama ni geti au dirisha, niachie vipimo, nitamwambia."

Auleria alinyoosha mkono kuelekea vile vifungo, akaurudisha.

"Usiogope kusubiri," Gozbert aliendelea, kwa ule utaratibu wa mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi. "Kazi yake haiachii. Nilimfundisha mimi."

Upepo ulitikisa migomba. Mteja hakusema kitu wala hakuondoka, na Gozbert akatega sikio, uso ukaanza kubadilika pole pole.

"Ni nani?"

"Ni mimi," alisema Auleria.

Gozbert alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Wamechukua mashine ngapi?" hatimaye aliuliza.

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," alisema Gozbert. Akatabasamu, tabasamu pana la siku zao za zamani, akilielekeza pale alipodhani mkewe amesimama. Auleria akasogea hatua moja kushoto, akasimama hapo lilipokuwa linaelekea.